Kuunda na kupiga rangi magari madogo ya modeli Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kwa wanaoanza na hata kwa waliokwisha unda gari la tatu au la nne. Utaona majibu mengi ya rangi yanakurudisha kwenye hatua za kabla ya rangi. Rangi haifichi kosa, inalitangaza, na gari linaloharibika kwenye kopo la rangi kwa kawaida lilishaharibika kwenye msasa, kwenye sabuni, au kwenye saa iliyochaguliwa kulipiga.

## Kuanza

1. Modeli inatofautianaje na gari la kuchezea?

Modeli inafuata kipimo kimoja pande zote. Toyota Hiace ya kizazi cha H200, ile ya kawaida isiyo ndefu, ina urefu wa milimita 4,695, upana 1,695 na kimo 1,980. Kwa kipimo cha 1/24 kila namba unaigawa kwa 24: unapata urefu wa milimita 196 hivi, upana 71, kimo 82 na nusu. Gari la kuchezea halina deni hilo. Tairi laweza kuwa kubwa mara mbili na mtoto akafurahi vilevile.

2. Nianze na kipimo gani?

1/24. Gari linaenea kiganjani, dashibodi na siti zinapakika kwa mkono, na seti nyingi za plastiki za Kijapani (boksi la vipande vya gari vya kuunga mwenyewe) ziko kwenye kipimo hiki. Seti za Kimarekani mara nyingi ni 1/25. Tofauti inaonekana ndogo, lakini rimu za moja hazikai vizuri kwenye nyingine, kwa hiyo usichanganye bila kupima. Vigari vya 1/64 ni vidogo mno kwa mwanafunzi: mkono ukitetemeka kidogo tu, umeharibu mlango mzima.

3. Ninunue seti ya kiwandani au niunde mwenyewe kwa bati na boksi?

Njia zote mbili ni halali, na ya pili ina mizizi hapa. Watoto wa kandokando ya ziwa wameunda magari ya bati na waya, matairi yakiwa ya ndala, kabla hawajaona seti yoyote. Mtaa wa Makoroboi hapa mjini wenyewe umepata jina kwa mafundi waliogeuza makopo kuwa taa za mafuta ya taa. Ujuzi wa kukunja bati haujatoka mbali.

Ushauri wetu ni huu: kama unaweza kupata seti moja, anza nayo. Inakufundisha mpangilio wa kazi, yaani kipande gani kitangulie, kipi kipakwe rangi kabla ya kuungwa, na kipi kisubiri mwisho. Gari la pili liunde mwenyewe, sasa jicho likijua linachotafuta. Tamiya, Aoshima, Fujimi na Hasegawa wote wa Japani wanatoa magari ya 1/24, na Aoshima wana Hiace ya H200. Seti za magari ya soko la Japani zina usukani kulia kama barabara zetu. Za Kimarekani nyingi zina usukani kushoto.

Ukiagiza kutoka nje, agiza seti peke yake. Makopo ya kupuliza yenye gesi hayaruhusiwi kwenye posta ya ndege, na gundi na thina zinazowaka moto hukwama kwa sababu hiyohiyo. Rangi tafuta hapahapa (swali la 9 na la 10).

4. Vifaa vya lazima ni vipi?

Kisu chembamba chenye wembe unaobadilishwa, kikata kucha kipya au koleo ndogo ya kukatia, tupa ndogo, kibano, na msasa wa maji namba 400, 600, 1000, 1500 na 2000. Msasa huo unapatikana duka lolote la rangi za magari. Unauzwa kwa karatasi nzima, na karatasi moja ukiikata vipande vya sentimita 5 kwa 5 inatosha magari kadhaa. Ongeza tepu ya karatasi ya mafundi rangi, vijiti vya meno, vijiti vya mshikaki, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Nunua pia paketi ya vijiko vyeupe vya plastiki. Hivyo si vya chakula. Ni vya kujaribia kila rangi kabla haijagusa gari.

## Plastiki na gundi

5. Mbona gundi inashika plastiki hii na ile inakataa?

Geuza chombo uangalie namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 6 ni polistirini, plastiki ileile ya seti za modeli: inakatika vizuri, inasugulika, inashika gundi na rangi. Baadhi ya vikombe vya mtindi na kava ngumu za CD ni za aina hii. Namba 2 na namba 5 ndizo galoni za mafuta ya kula, ndoo na vifuniko vingi. Ni laini na za mafutamafuta, na rangi juu yake hubanduka kama ganda. Usizipotezee muda. Namba 1 ni chupa za maji, hazifai kwa bodi lakini sehemu iliyonyooka inatoa vioo vizuri vya madirisha.

Mafundi wa mabango hutupa mabaki ya karatasi nyepesi nyeupe za PVC zenye unene wa milimita 3 au zaidi. Hizo ni nzuri sana kwa sakafu ya gari na kwa ukuta wa daladala la kujiundia, ila zinaungwa kwa supa gluu, si kwa gundi ya kuyeyusha.

6. Gundi gani itumike wapi?

Gundi ya majimaji ya modeli haigandishi, inayeyusha. Nyuso mbili za polistirini zinalainika, zinaingiliana, kisha zinakauka zikiwa kitu kimoja. Bana vipande vikiwa vikavu, gusisha brashi kwenye mshono, na gundi itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Ukipaka kwanza ndipo ubane, itafurika na kuacha alama ya kidole isiyotoka.

Asetoni safi inayeyusha polistirini pia na inaunga kwa dharura, lakini inakauka haraka mno na mshono unakuwa dhaifu. Ile ya kufutia rangi ya kucha iliyochanganywa mafuta na manukato haifai kabisa.

Supa gluu ni ya PVC, chuma, bati na mpira. Tia tone kwenye kipande cha kadi, chota kwa kijiti cha meno. Usiilete karibu na vioo: mvuke wake unaganda juu ya plastiki angavu na kuacha utando mweupe (swali la 23). Vioo na taa viunge kwa gundi nyeupe ya mbao, inayokauka bila rangi na kufutika kwa maji kabla haijakauka.

7. Nikikata vipande vya seti kwenye fremu ya plastiki inayovishika vinabaki na alama nyeupe. Nifanyeje?

Unakata karibu mno. Kata mara mbili: kwanza acha kikonyo cha milimita 2 au 3, kisha kipunguze kwa kisu, na milimita ya mwisho iondoe kwa msasa namba 600. Alama nyeupe ni plastiki iliyochanika kwa kuvutwa. Kikata kucha butu ndicho chanzo kikuu.

8. Mistari ya mshono na vishimo vinaondokaje?

Mstari mwembamba unaopita juu ya bodi umetokana na nusu mbili za kalibu ya kiwandani. Kwangua kwa mgongo wa kisu, si kwa makali, kisha msasa 600 na 1000 kwa maji. Funga msasa kwenye kifutio ili usichimbe mfereji.

Vishimo vijaze puti. Puti ya magari ya makopo mawili inafaa kwa safu nyembamba tu, kama unene wa kadi ya simu. Ukiijaza nene inapata joto inapokauka, na kemikali yake inalainisha plastiki chini yake. Siku chache baadaye unaona bonde palepale ulipojaza. Jaza mara mbili au tatu kidogokidogo. Pitisha ukucha: jicho linadanganywa na rangi tofauti ya puti, lakini ukucha unahisi ngazi ndogo kabisa.

## Rangi

9. Rangi za aina gani zipo, na ipi iende juu ya ipi?

Kuna akriliki ya maji, enameli ya mafuta, na laka. Laka ina kiyeyushi kikali, enameli cha wastani, akriliki ya maji cha upole. Kanuni: kali iwe chini, pole iwe juu. Laka ikipigwa juu ya enameli, kiyeyushi chake kinaingia kwenye enameli na rangi nzima inajikunja kama ngozi ya maziwa. Enameli juu ya laka iliyokauka haina tatizo. Klia, ile angavu inayopigwa mwisho juu ya rangi, nayo ni rangi na inafuata kanuni hiyohiyo. Magari mengi yamekufa kwenye klia, dakika ya mwisho, kwa sababu mtu aliichukua aliyoikuta.

10. Eti rangi ya gereji inayeyusha plastiki?

Ikipigwa nene na moja kwa moja, ndiyo. Thina ya rangi za magari inashambulia polistirini: uso unapata nyufa nyembamba kama tope lililokauka. Lakini mafundi wengi wanaitumia salama kwa kufuata mambo mawili. La kwanza ni praima (rangi ya msingi inayotangulia) ya plastiki, au praima ya kawaida kwa mikono mitatu mikavu, yaani unapuliza kama ukungu, bodi inaonekana ya vumbi wala hailowi, unasubiri dakika 15, unarudia. La pili ni kijiko. Piga praima na rangi kwenye kijiko cheupe, kiache usiku mzima. Kikiwa laini asubuhi, endelea. Kikiwa na nyufa, badilisha rangi.

Rangi za magari zenye chembe za kung'aa zina kasoro nyingine. Chembe zimepimwa kwa gari halisi. Juu ya 1/24 zinaonekana kama mtu amemwaga sukari. Rangi za modeli zina chembe ndogo zaidi. Kwa rangi isiyo na chembe, ya gereji inatosha.

11. Kwa nini niioshe bodi wakati ni mpya?

Kwa sababu kiwandani hupakwa dawa ya kuachia kalibu, na mikono yako imeongeza mafuta. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, suuza vizuri, acha ikauke yenyewe bila kufuta kwa kitambaa. Kuanzia hapo ishike kwa ndani tu, ukiwa umeibandika juu ya chupa tupu kwa tepu. Sababu utaiona kwenye swali la 20.

12. Nipige rangi saa ngapi hapa Mwanza?

Swali hili lina uzito kuliko aina ya rangi utakayonunua.

Asubuhi mapema hewa bado imebeba unyevu wa usiku. Ukipuliza rangi, kiyeyushi kinapopaa kinapoza uso wa bodi, unyevu unatua juu yake, na rangi nyeusi inayong'aa inageuka kijivu cha ukungu. Mchana upepo wa ziwani unapoanza kuingia nchi kavu, unakuja na vumbi, na rangi inakauka hewani kabla haijafika kwenye gari. Katikati ya hayo kuna dirisha zuri: kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, jua limeshakausha hewa na upepo haujachangamka. Anayekaa Kirumba au Capri Point, karibu na maji, atauona upepo mapema kuliko anayekaa Igoma.

Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, tumia siku za mvua kwa kukata, kuunga na kusugua. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ya kupiga rangi nyingi, ila vumbi ni kubwa: mwagia sakafu maji kidogo nusu saa kabla, lisitimke. Kama una kipima unyevu, kikivuka asilimia 80, weka kopo chini.

Usipige usiku chini ya taa. Siku za mwezi mwandamo vijidudu vya ziwani vinainuka juu ya maji kama moshi, upepo unavileta mjini, na taa inaviita. Rangi mbichi ni gundi kwao.

13. Hatua za kopo la kupuliza ni zipi?

Weka kopo kwenye maji ya uvuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto, dakika 5 hadi 10. Presha inapanda kidogo na rangi inatoka laini zaidi. Usiliweke jikoni, juani wala kwenye maji yanayochemka; linalipuka. Litikise dakika mbili kamili tangu usikie gololi ikizunguka.

Umbali ni sentimita 15 hadi 20. Anza kupuliza nje ya gari, pita moja kwa moja, achia ukiwa umeshavuka upande wa pili. Anayeanza na kuishia juu ya bodi anaacha matone hapo. Mikono miwili ya kwanza iwe ya ukungu, bado unaona praima chini. Zipite dakika 10 hadi 15 kati yao. Mkono wa tatu uloweshe kidogo, na wa nne ndio wa kung'aa: pita polepole zaidi ukitazama mwanga wa dirisha juu ya boneti. Mwanga huo ukigeuka kutoka ukungu kuwa mstari mkali, hapo umefika. Pita ya ziada inaleta machozi. Kisha funika na ndoo safi iliyoinuliwa kidogo kwa viberiti viwili ili mvuke utoke.

Kingo hupigwa kwanza: chini ya bampa, ndani ya matao ya matairi, kando ya madirisha. Ukiziacha mwisho utalazimika kuzidisha rangi kwenye sehemu pana ili uzifikie.

14. Nikitumia brashi ya hewa, ile ndogo inayopuliza rangi kwa kompresa, nichanganyeje rangi? Na umeme ukikatika?

Unene uwe wa maziwa freshi: ukitikisa kikombe, rangi inashuka ukutani ikiacha utando mwembamba. Kwa akriliki nyingi za modeli anza na sehemu moja ya rangi kwa moja ya thina yake, presha kati ya 15 na 20 psi, umbali wa sentimita 8 hadi 10.

Huku ziwani usitumie kompresa bila kichujio cha maji kwenye bomba. Hewa ikibanwa inatoa maji, na tone moja likipita linaacha duara katikati ya boneti.

Kwa umeme wa kukatika, tairi la akiba la gari au mpira wa ndani wa lori uliojazwa upepo unafanya kazi ya kompresa kwa dakika kadhaa, kimya kabisa. Weka kidhibiti presha katikati, maana tairi inaanza na nguvu kisha inashuka. Hakikisha imejaa kabla ya mkono wa mwisho.

15. Je, naweza kupaka bodi kwa brashi ya mkono?

Ndani, siti, injini na chesisi, ndiyo na inapendeza. Bodi inayong'aa itaonyesha mistari ya brashi. Kama huna njia nyingine, zimua rangi, paka mikono minne myembamba kila mmoja ukikatiza uelekeo wa uliopita, na sugua kwa msasa 2000 na maji kati ya mikono.

16. Isubiri muda gani ikauke?

Laka saa 24, akriliki siku moja hadi mbili, enameli siku tatu hadi wiki, na masika ongeza. Kipimo cha uhakika ni pua. Ukinusa bodi na kusikia harufu ya rangi, kiyeyushi bado kinatoka na tepu au kidole kitaacha alama, hata kama juu ni pakavu.

## Daladala na magari ya huku

17. Hiace nyeupe inanitoka kijivu. Kwa nini?

Umeipiga juu ya praima ya kijivu. Nyeupe ni rangi dhaifu ya kufunika, na ukijaribu kushinda kijivu kwa kuongeza mikono, mistari ya milango inajaa na kupotea. Tumia praima nyeupe. Kabla ya hapo, pitisha mgongo wa kisu polepole mara mbili kwenye kila mstari wa mlango ili uwe na kina. Rangi ikishakauka, ingiza kwenye mistari hiyo rangi ya kijivu iliyozimuliwa sana, si nyeusi. Nyeusi kwenye gari jeupe inageuza milango kuwa mchoro wa katuni.

Mlango wa abiria uko kushoto. Ukiunda kwa picha, hakikisha picha haijageuzwa.

18. Mistari ya rangi na maandishi ya njia nayatengenezaje?

Piga picha daladala halisi ubavuni, ukisimama mbali na kukuza, ili gari lisipinde. Kwa mistari mipana funika kwa tepu, lakini usitumie ukingo wa tepu uliotoka dukani, umekwisha kula vumbi. Ibandike kwenye kioo, kata ukingo mpya kwa wembe na rula. Baada ya kuibandika kwenye gari, piga kwanza mkono mwembamba wa nyeupe ileile ya chini. Inaziba mianya ya tepu, na rangi ya mstari haitapenya. Tepu itoe rangi ikiwa bado haijakomaa, ukiivuta kwa kuirudisha juu ya yenyewe.

Maandishi ya mkono yanachosha. Duka la stika linaweza kukata herufi kwa mashine: herufi ya sentimita 12 kwenye gari halisi ni milimita 5 kwenye 1/24, na mashine nyingi zinaimudu. Chini ya milimita 3 herufi zinachanika. Hapo chapisha kwenye karatasi ya stika angavu. Maneno ya kioo cha nyuma ndiyo roho ya daladala, yape muda wake.

19. Namba za gari na vumbi la barabarani nifanyeje?

Daladala na magari mengine ya biashara yana namba nyeusi juu ya nyeupe, ya binafsi nyeusi juu ya njano. Kibao kirefu cha milimita 520 kwa 110 kinakuwa karibu 21.7 kwa 4.6. Tumia namba ya kubuni.

Vumbi usichote barabarani. Chembe ya udongo ya sehemu moja ya kumi ya milimita ni kokoto ya milimita 2.4 kwa kipimo hiki. Saga chaki za rangi kwa msasa, changanya kahawia, njano na kijivu kidogo, paka kwa brashi kavu chini ya milango, nyuma ya matairi na juu ya bampa. Masizi ya ekzosi ni mkaa uliosagwa. Piga klia isiyong'aa kabla ya chaki, maana juu ya uso unaong'aa chaki haikai. Ukipiga klia baada yake, nusu ya chaki itatoweka, kwa hiyo zidisha tangu mwanzo. Na vumbi halipandi popote: waipa zinafagia nusu duara kwenye kioo, na kondakta anafuta pembeni mwa mlango kwa mgongo wake siku nzima.

Ukitaka kuliweka gari kwenye mandhari ya mawe ya Mwanza, foamu nyeupe ya maboksi ya TV inachongeka vizuri kuwa miamba. Ifunike kwanza kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na mchanga laini. Rangi ya kopo ikiigusa tupu inaiyeyusha mbele ya macho yako. Miamba yetu ni matale: kijivu chenye waridi, mabaka meusi panapopita maji ya mvua, na kingo zimeviringika, hazina ncha.

## Mambo yakiharibika

20. Rangi inajikusanya na kuacha viduara tupu.

Hayo ni macho ya samaki. Kuna mafuta juu ya bodi: vidole, mafuta ya nywele, au dawa ya kung'arishia dashibodi iliyopulizwa chumba hichohicho. Hiyo ya mwisho ina silikoni na inasafiri hewani. Kuongeza rangi hakusaidii. Acha ikauke, sugua mpaka chini ya viduara, rudi swali la 11.

21. Imekuwa kama ganda la chungwa. Imekuwa na ukungu mweupe. Imetiririka.

Ganda la chungwa ni rangi iliyokauka kabla ya kujitandaza: umepuliza kutoka mbali, kwenye upepo, au rangi ni nzito. Ikikauka kabisa, sugua kwa 1500 kisha 2000 na maji yenye tone la sabuni, halafu dawa ya kusugulia rangi za magari kwa kitambaa laini. Epuka kona na mikunjo. Hapo rangi ni nyembamba na utatokea kwenye praima.

Ukungu mweupe ni unyevu (swali la 12). Mara nyingi mkono mmoja mwembamba wa laka au thina yake, siku kavu, unaufungua na kuutoa.

Iliyotiririka usiiguse ikiwa mbichi. Isubiri wiki, kata chozi kwa msasa 1000 uliobandikwa kwenye kijiti, piga upya upande huo wote.

22. Mdudu ametua kwenye rangi mbichi.

Mwache. Ukimtoa sasa unatoa na rangi, na mabawa yanachora mstari. Kesho mwondoe kwa kibano, sugua mahali hapo kwa 2000 mpaka miguu iliyobaki itoke, piga mkono mmoja mwembamba.

23. Kioo kimepata utando wa supa gluu.

Kama uko juu juu, sugua kwa dawa ya meno isiyo ya jeli au dawa ya kusugulia rangi, kwa pamba, dakika kadhaa. Ukigoma, kata kioo kipya kutoka kava ya CD au chupa kwa kufuata kile cha zamani.

24. Nataka kuondoa rangi yote nianze upya. Na kromu ya seti je?

Akriliki ya maji inatoka kwa spiriti ya duka la dawa na mswaki. Enameli na nyingi nyinginezo zinatoka kwa mafuta ya breki ya DOT 3: loweka kipande kwenye chombo chenye kifuniko, kagua kila baada ya saa chache, sugua kwa mswaki, osha kwa sabuni mara mbili. Vaa glavu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu, maana plastiki hazilingani. Mafuta yaliyokwisha kazi yahifadhi kwenye chupa uyapeleke gereji wanakokusanya oili chafu. Yasimwagwe mtaroni, kwani mitaro ya mji huu inaishia ziwani.

Kromu inatoka kwa Jik: rimu na grili zikilala humo kwa dakika chache hadi saa moja, safu ya alumini inapotea. Usichanganye Jik na dawa nyingine yoyote ya usafi.

## Usalama na kuhifadhi

25. Barakoa ya kawaida inatosha?

Kwa vumbi la msasa, ndiyo, ingawa msasa wa maji ni bora zaidi. Kwa mvuke wa rangi na thina, hapana. Mvuke unapita kwenye kitambaa kana kwamba hakipo. Tumia ile yenye vichujio vya mkaa, au pigia rangi nje penye kivuli, upepo ukitoka mgongoni kwako kwenda mbele, mbali na jiko la mkaa au la gesi. Ukianza kusikia kichwa chepesi, acha, toka.

26. Mtoto aanze na miaka mingapi?

Kufikiria umri peke yake hakusaidii. Mtoto wa miaka minane anaweza boksi, gundi ya mbao na rangi ya maji, na atatoa daladala lenye kupendeza. Wembe, supa gluu na makopo ya kupuliza viwe mkononi mwa mtu mzima aliye kando yake. Supa gluu ikibandika vidole, loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni na uviringishe taratibu. Usivute. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi na mpeleke hospitali.

27. Gari lililokamilika niliweke wapi?

Mbali na dirisha la jua na mbali na rafu ya juu kabisa chini ya bati. Joto la pale linapinda bodi nyembamba polepole, na jua linafanya nyeupe na stika kuwa njano. Ndani ya gari lililoegeshwa juani ni pabaya zaidi. Boksi la kioo au la plastiki angavu linazuia vumbi, vijidudu na kinyesi cha mijusi. Kinyesi hicho kinakula rangi, kikidondoka kifute siku hiyohiyo kwa pamba yenye maji.

Matairi ya mpira laini yakikaa miaka juu ya plastiki huiyeyusha yalipogusia. Funga rimu kwa utando mwembamba wa gundi ya mbao kabla ya kuvalisha matairi, na liwekee gari kipande cha kadi chini ya kila tairi.